Kabla Hujasimamisha Mlingoti: Umeme wa Nyumbani Kasongo na Kabambare

Simu imeyafikisha matangazo ya biashara hadi vijijini. Kijana wa Kasongo anafungua video, anaona kinu cheupe chenye mapangaboi matatu kikizunguka juu ya paa, na chini yake taa zinawaka, televisheni inaonyesha mpira, friji inagandisha maji. Ubavuni kimeandikwa wati 1,000. Baada ya hapo linakuja swali ambalo nimeulizwa sokoni, nje ya kanisa na barazani pa msikiti: nichukue kile cha kujitegemea chenye batri zake, au kile cha kuunganishwa na nyaya za umeme, ili ninachozidisha nikiuze?

Ni swali la maana, na dunia nzima inaliuliza. Lakini huku kusini mwa Maniema kuna maswali mawili yanayotakiwa kulitangulia. Hizo nyaya za kujiunganisha nazo ziko wapi? Na huo upepo wenyewe unavuma kwa nguvu gani? Nitalitoa jibu langu mapema, halafu nilitetee. Kwa nyumba nyingi za Kasongo na Kabambare, fedha ya mlingoti wa upepo itafanya kazi kubwa zaidi ikinunua plaki za jua na batri nzuri. Penye kijito kinachoporomoka, maji yanalishinda jua na yanaushinda upepo. Na uamuzi mzito ulio mbele yetu ni huu: kila nyumba ijitegemee peke yake, au mtaa ujitegemee kwa pamoja.

Nyaya za taifa haziko jirani

Kongo ina mito yenye nguvu ambayo mataifa mengine yanaitamani. Inga I ilianza kazi mwaka 1972, Inga II mwaka 1982. Kutoka huko Bas-Congo ilivutwa njia ya umeme ya kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, kwa ajili ya migodi ya shaba ya Katanga. Njia hiyo hubeba umeme mnyoofu wa msongo mkubwa mno, na umeme wa namna hiyo hauchotwi njiani kwa kufunga transfoma juu ya nguzo. Vijiji vingi vimeishi chini ya nyaya hizo kwa zaidi ya miaka 40 bila kupata hata taa moja.

Upande wetu wa mashariki, vituo vya Ruzizi vinalisha Bukavu, Goma na Uvira. Bendera inalisha Kalemie. Ndani ya Maniema yenyewe, kituo cha maji cha Lutshurukuru karibu na Kalima kilijengwa kwa sababu ya bati. Ukizitazama njia hizi zote kwenye ramani, utaona kwamba zilifuata madini na miji mikubwa, na Kasongo na Kabambare zilibaki katikati. Gridi ya taifa haifiki kwetu. Kwa hiyo mtu akikuuzia Kasongo mtambo wa kuunganishwa na gridi, anakuuzia mlango wa nyumba ambayo haijajengwa.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, nalo linamhusu hata ndugu yako aliyeko Bukavu au Goma, ambako nyaya zipo. Mtambo wa kuunganishwa na gridi hutumia konvetisa, yaani kifaa cha kugeuza umeme, inayoufuata mdundo wa umeme wa gridi. Gridi ikizimika, konvetisa hiyo nayo hujizima papo hapo. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili fundi aliyepanda nguzo akidhani waya umekufa asiuawe na umeme unaotoka kwenye paa la mtu. Maana yake ni kwamba katika mji ambao umeme hukatika kila siku, mwenye mtambo wa kuunganishwa usio na batri anakaa gizani sawasawa na jirani yake asiye na mtambo, hata upepo ukivuma kwa nguvu juu ya kichwa chake. Mtambo wa aina hiyo unalipa mahali penye gridi isiyoyumba na sheria inayomruhusu mwenye nyumba kurudisha umeme wa ziada na kupunguziwa bili, kama Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 ilivyofungua njia. Pasipo na vitu hivyo viwili, kuunganishwa hakukupi faida yoyote.

Hata wakubwa wameonja gharama ya nyaya zinazochelewa. Huko Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana ulisimamisha vinu 365 vyenye uwezo wa megawati 310. Vinu vilikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya kupeleka umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika Septemba 2018. Kwa zaidi ya mwaka mzima upepo ulivuma bila mnunuzi, na Kenya ikalazimika kulipa kwa ajili ya ucheleweshaji huo. Ikiwa taifa lenye benki na wanasheria lilipata hasara kwa kutangulia kununua kinu kabla ya waya, mwalimu wa Kabambare mwenye akiba ya miaka mitatu anapaswa kujihadhari zaidi.

Upepo wetu unasemaje?

Tuseme sasa tumekubaliana kwamba ni wa kujitegemea. Bado upepo wenyewe haujaulizwa, na hapa kuna kanuni moja ambayo kila mnunuzi anatakiwa kuijua kwa moyo: nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na kasi yake, huongezeka kwa mchemraba. Kasi ikizidishwa mara mbili, nguvu inazidi mara nane. Kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki sehemu moja ya nane.

Chukua kinu chenye mapangaboi ya kipenyo cha mita 3. Kinakinga eneo la mita za mraba 7 hivi. Katika kimo cha Kasongo, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.1 kwa makadirio. Upepo ukienda mita 3 kwa sekunde, nguvu yote inayopita katika duara hilo ni wati 105 tu. Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba hakuna kinu kinachoweza kunasa zaidi ya asilimia 59 ya nguvu hiyo, na vinu vidogo vya nyumbani hunasa robo hivi. Utapata wati 26, tena ikiwa kinu kimekubali kuzunguka, maana vingi huanza kuamka kwenye mita 3 au zaidi. Upepo huo ukipanda hadi mita 6, unapata wati 210. Zile wati 1,000 zilizoandikwa ubavuni hupatikana upepo unapokimbia mita 10 hadi 12 kwa sekunde. Hapo Kasongo, upepo wa kasi hiyo unaujua: ndio unaotangulia mvua kubwa, unaoezua mabati, na baada ya dakika chache umekwisha.

Mafundi wa vinu vidogo wana kipimo chao. Mtambo wa kujitegemea unahitaji wastani wa mwaka wa mita 4 kwa sekunde, na ule wa kuunganishwa unahitaji kuzidi hapo, mita 4.5 au 5, kwa sababu unashindana na bei ya umeme wa gridi. Ramani za upepo za dunia zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya Bonde la Kongo haifiki mita 4 hata ukipima mita 50 juu ya ardhi. Sababu zinaeleweka. Tuko kati ya digrii 4 na 5 tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo joto hupandisha hewa juu kuliko kuisukuma kando, na tofauti za kanieneo kati ya eneo na eneo ni ndogo. Msitu nao hukwaruza upepo na kuupunguza mwendo. Wafanyabiashara wa pwani waliofika Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19 walitoka kwenye bahari inayoendeshwa na kusi na kaskazi. Walikuja na mpunga, dini na lugha hii ninayoiandika, lakini pepo zile ziliishia mbali na mto wetu Lualaba.

Sitaki kuionea nchi yetu. Kusini mwa Maniema hakufanani na Punia au Lubutu za kaskazini. Hapa msitu unaipisha mbuga, na kwenye mbuga upepo hupata nafasi. Kadiri unavyokwenda mashariki ya Kabambare ndivyo ardhi inavyopanda kuelekea milima ya Mitumba, na juu ya mgongo wa kilima kilicho wazi hali inaweza kuwa tofauti kabisa na ya bondeni. Wakati wa kiangazi pepo za kusini-mashariki hutufikia, na mama anayepepeta mpunga anajua saa zake: huanza jua likishapanda, hukolea mchana na alasiri, na jioni ungo unarudi chini kwa sababu hewa imetulia.

Saa hizo za mama mpepetaji ndizo zenye uamuzi. Upepo wetu wa karibu na ardhi huja mchana, wakati ule ule ambao jua liko juu, na usiku unalala. Kinu kingekuwa mwenzi mzuri wa plaki kama kingefanya kazi usiku, au katika majuma ya mawingu. Turkana wamebahatika kwa hilo: kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna mkondo wa upepo unaokaza hasa usiku na alfajiri. Sisi kinu kitatuletea chakula saa tuliyokwisha kushiba, na saa ya njaa kitakuwa kimesimama.

Kuna pia radi. Mwaka 2016 watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti walipanga mahali panapopigwa na radi zaidi duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza, Kabare ya Kivu Kusini ya pili, na ya tatu ni Kampene, katika teritware ya Pangi, hapa hapa Maniema: radi zaidi ya 170 kwa mwaka kwa kila kilomita moja ya mraba. Kampene ni jirani yetu wa kaskazini. Na kinu cha upepo hakiwezi kufungwa chini. Kanuni ni kwamba ncha ya chini ya pangaboi iwe juu ya kila kitu kilichoko mita 100 au 150 kulizunguka, kwa mita 9 au 10. Mwembe mkubwa na mchikichi wa zamani hufika mita 15 na kuzidi. Kwa hiyo mlingoti wa kweli Kasongo ni mita 25 au zaidi za chuma, zilizosimama peke yake juu ya mji, katika moja ya nchi zenye radi nyingi kuliko zote ulimwenguni. Bila waya mzito wa kuipeleka radi ardhini na vizuizi vya kulinda konvetisa, ni kuiita radi nyumbani. Na bei ya mlingoti huo, pamoja na kamba zake za chuma na nanga za saruji, mara nyingi inapita bei ya kinu chenyewe. Hicho cha kwenye video, kilichofungwa juu ya bati, kinakamata upepo uliovunjwavunjwa na paa, na mtetemo wake unalegeza misumari ya nyumba.

Wengi hunitajia William Kamkwamba wa Malawi, kijana ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa ametoka shule kwa kukosa karo, alijenga kinu kwa feni ya trekta na vipande vya baiskeli, akawasha taa na redio nyumbani kwao Wimbe. Ninamheshimu sana, na ningependa kila shule yetu ya ufundi isimulie habari zake. Lakini Wimbe ni uwanda wa mashamba ulio wazi na wenye upepo, na hata huko ilimbidi akiinue kinu chake juu zaidi ili kiipite miti. Alichotuachia ni ujasiri wa kutumia kilichopo mahali alipo. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Kamkwamba wa Kasongo huenda akaanzia mtoni.

Hesabu ya nyumba moja

Tuingie ndani ya nyumba ya kawaida ya Kasongo. Taa 5 za LED za wati 7, zikiwaka saa 5 kila usiku, zinakula wati-saa 175. Simu 3 zinakula 30. Redio ya wati 10 kwa saa 6 ni 60. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Jumla wati-saa 425 kwa siku.

Plaki za wati 200, kwa jua letu, hesabu saa 4 za nguvu kamili kwa siku, halafu toa robo kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu wa njiani. Unabaki na wati-saa 600. Nyumba imetosheka, na ziada ipo kwa siku za mawingu ya Novemba. Plaki hizo hazina kinachozunguka. Zinabebwa nyuma ya baiskeli, zinafungwa na fundi wa mtaa, na zinadumu miaka 20 na zaidi. Matunzo ya kila siku ni kitambaa chenye maji.

Batri ndiyo inayotaka akili. Batri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini ukiitoa zaidi ya nusu kila usiku itakufa mapema. Kwa hiyo unachomiliki kwa kweli ni 600. Batri za lithiamu za fosfeti ya chuma zina bei kubwa siku ya kununua, lakini hukubali kutolewa asilimia 80 na zaidi, na hustahimili mizunguko elfu kadhaa. Nimeona nyumba nyingi zikinunua plaki kubwa na batri dhaifu, halafu baada ya msimu mmoja wanasema jua limeshindwa, kumbe kilichoshindwa ni batri. Fedha unayotaka kuipandisha juu ya mlingoti, ishushe kwenye batri. Akiba haiozi, na batri ni akiba.

Sasa linganisha na kinu. Ili kikupe hizo wati-saa 600 kila siku, kinatakiwa kitoe wastani wa wati 25 usiku na mchana bila kupumzika, yaani upepo wa mita 3 usiokatika kamwe. Kweli upepo haukai sawa, na vipindi vyake vya kasi huinua wastani, lakini saa za utulivu wa usiku na miezi ya mvua huushusha tena. Ongeza beringi zinazokwisha, mapangaboi yanayoliwa na mchanga na mvua, kamba za kukaza, mlingoti wa kulazwa chini angalau mara moja kwa mwaka ili ukaguliwe. Kipuri kikikosekana kinatafutwa Bukavu au Kalemie, na kila aliyesafiri barabara ya taifa namba 2 wakati wa mvua anajua maana ya kukisubiri.

Kabambare inaniongezea sababu moja ambayo haimo katika vitabu vya ufundi. Watu wa upande wa Salamabila wamepitia miaka ya mapigano na kukimbia. Mwenye kituo cha afya au duka la dawa aliyewahi kuondoka usiku anaujua uzito wa swali hili: mali hii naweza kuishusha na kuondoka nayo? Plaki mbili na batri ya lithiamu zinaingia kwenye mkokoteni. Mlingoti wa mita 25 unabaki, na hauna wa kuulinda.

Maji, na nguvu ya mtaa

Vilima vyetu vina vijito, na hesabu yake inashangaza wengi. Maji lita 20 kwa sekunde yakiporomoka mita 5, kwa mtambo wa kawaida unaonasa nusu ya nguvu, yanatoa karibu wati 490. Ni kidogo kwa kuitazama, lakini maji hayalali usiku. Kwa siku nzima ni kama wati-saa 11,800, sawa na mahitaji ya nyumba zaidi ya 20 za namna niliyoieleza. Mtambo mmoja na korongo moja vingetosha kitongoji. Lita 20 ni ndoo moja kubwa kila sekunde. Kiangazi ndipo pa kuzihesabu, maana mtambo lazima upimwe kwa maji ya mwezi mbaya.

Hapa ndipo swali la kuunganishwa linaporudi likiwa na maana. Nyumba moja haiwezi kujenga banio. Nyumba 30 zinaweza. Mwenye mashini ya kukoboa mpunga, ambaye leo anachoma mazuti yaliyosafirishwa kwa shida, anaweza kuwa mteja mkubwa wa mchana. Kituo cha afya kinahitaji friji ya chanjo. Maduka na nyumba za kuchaji simu zinahitaji umeme jioni. Mahitaji haya yakiwa kwenye waya mmoja yanagawana batri, yanagawana fundi, na yanagawana gharama. Kila nyumba ikiwa peke yake inalazimika kununua uwezo wa siku yake kubwa kabisa, halafu siku nyingine uwezo huo unakaa bure. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mfano upo. Goma, kampuni ya Nuru ilianza mwaka 2020 kuuza umeme wa kituo cha jua cha megawati 1.3 chenye batri, kwa mtandao wake yenyewe, bila kungoja gridi ya taifa. Mwaka 2023 ilitangaza mipango ya kupanua kazi yake Goma, Bunia na Kindu. Virunga Energies nayo inauza umeme wa maji wa Matebe na Luviro huko Kivu Kaskazini. Na kwa wenye kupenda upepo, tazama Mufindi, Tanzania: mradi wa Mwenga umeweka vinu vitatu, megawati 2.4, kwenye mtandao wa vijijini ambao tayari ulikuwa na kituo cha maji. Upepo uliingia kama msaidizi wa maji, mahali ulipokwisha kupimwa, kwenye nyaya zilizokwisha kuvutwa. Mpangilio huo ndio wa kuiga.

Sheria haitufungi. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na kuruhusu watu binafsi, makampuni na mikoa kuzalisha na kugawa umeme. Ndiyo iliyoleta ARE, mamlaka ya kudhibiti sekta, na ANSER, wakala wa umeme wa vijijini na pembezoni mwa miji. Kikundi cha mtaa kinachotaka kuvuta waya kuvuka barabara na kuuziana umeme kiende kwanza kwa wahusika wa nishati wa mkoa huko Kindu, kijue utaratibu wa ukubwa wake, kabla hakijachimba shimo la nguzo ya kwanza.

Jitegemee, lakini acha mlango wazi

Kwa anayejenga mwaka huu, ushauri wangu ni kuanza na mfumo wa kujitegemea uliotengenezwa kwa namna ambayo kesho unaweza kuungwa. Vuta waya wa nyumba kwa vipimo vya nchi, volti 220 na hezi 50, badala ya kuijaza nyumba nyaya nyembamba za volti 12 zinazopita juu ya dari bila mpango. Weka kikata-umeme kwa kila njia na fimbo ya kweli ya kupeleka umeme ardhini. Tenga mahali pamoja ukutani pa mita ya kulipia kabla. Chagua konvetisa inayoweza kupokea umeme kutoka plaki, kutoka jenereta na kutoka mtandao, ambayo pia inaendelea kuwasha nyumba mtandao unapozimika. Mtandao wa mtaa ukifika, utaunganishwa kwa siku moja, na batri yako itabaki kuwa kinga yako. Kituo cha afya kisiuze batri zake hata siku hiyo; mama anayejifungua saa tisa za usiku hasubiri waya urekebishwe.

Nani basi aufikirie upepo? Mwenye mlima ulio wazi mashariki ya Kabambare. Misheni au shule ya sekondari yenye eneo pana na fundi wake wa kudumu. Mwenye mnara ambao tayari umesimama na una kinga ya radi. Hao nawaomba wapime kwanza mwaka mzima, kwa kipima-upepo kilichowekwa kwenye kimo kile kile kitakachokaa kinu, chenye kuandika namba usiku na mchana. Wakipata wastani wa mita 4 na kuzidi, hasa zikiwemo saa za usiku, mimi nitakuwa wa kwanza kuwasaidia kusimamisha.

Asiye na kifaa anaweza kuanza na macho na daftari. Majani yakichezacheza na ukausikia upepo usoni, uko chini ya mita 3.3 kwa sekunde. Bendera ya shule ikinyooka na vitawi vikitikisika bila kukoma, uko kati ya 3.4 na 5.4. Vumbi na karatasi vikiinuka na matawi madogo yakiyumba, umefika 5.5 na kuendelea. Walimu wa darasa la sita wawape wanafunzi kazi ya kuandika mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, na saa mbili usiku. Wengine wapime kijito cha karibu kwa ndoo na saa. Kiangazi kimoja cha daftari kama hilo, Kasongo na Kabambare, kitatupa takwimu zetu wenyewe za kuweka mezani mbele ya muuzaji, mbele ya ANSER na mbele ya mwekezaji yeyote atakayekuja na ahadi. Mtaa wenye daftari utajadiliana kuhusu bei. Usio nalo utapokea tu ulicholetewa, na utakilipia miaka mingi.